Kufunga ramani za zamani za Tanga na Bagamoyo kwa QGIS: tathmini ya Georeferencer

Kuna mchoro wa mipango miji wa Ngamiani, kuna shiti ya topografia ya 1:50,000, kuna plani ya shamba la mkonge iliyopigwa picha kwa simu. Anayetaka yoyote kati ya hizo ikae juu ya picha ya satelaiti mahali pake halisi (huko ndiko kuifunga ramani), chombo cha kuanza nacho ni Georeferencer iliyomo ndani ya QGIS, programu ya kompyuta ya kazi za ramani. Ni ya bure, haidai leseni, ikishasakinishwa haidai intaneti, hesabu zake ni sahihi, na laptopu yenye RAM ya GB 8 inaimudu. Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano inapotea kwa sababu moja: chombo kinaweza kuonyesha kosa dogo sana ilhali ramani imekaa pasipo pake, wala hakimwonyi mtumiaji.

Ninazungumzia toleo la 3.26 na yaliyofuata, ambako Georeferencer imehamia menyu ya "Layer". Zamani ilikuwa chini ya "Raster", na maelekezo mengi bado yanampeleka mtu huko akatafuta asiione. Majina ya vitufe nayaandika yanavyosomeka kwenye skrini.

Kwanza karatasi. Steshenari nyingi huskani na kumpa mteja PDF. Omba TIFF au PNG, rangi kamili, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Kwa kipimo hicho pikseli moja ni milimita 0.085 ya karatasi. Kwenye plani ya 1:2,500 hiyo ni sentimita 21 za ardhi. Kwenye shiti ya 1:50,000 ni mita 4.2, kwenye ramani ya Kijerumani ya 1:300,000, ile ya Sprigade na Moisel, ni mita 25. Namba hizi ziandikwe pembeni kabla ya kufungua programu, maana jedwali la makosa litazungumza kwa pikseli na ni wajibu wako kuzigeuza kuwa mita. Shiti ya A0 kwa dpi 300 ina pikseli karibu milioni 140, yaani zaidi ya MB 400 isipobanwa, kwa hiyo usikimbilie dpi 600 kwa kudhani utapata usahihi zaidi. Mstari wa kalamu wenye unene wa milimita 0.2 kwenye ramani ya 1:50,000 umefunika mita 10 za ardhi, na skana haiwezi kuupunguza.

Skana kubwa zinazovuta karatasi kwa rola huwa na tabia ya kuirefusha kidogo upande wa mvuto. Huo si ubovu wa kukataa kazi, ila kumbuka kwamba urefu na upana wa picha havina tena skeli moja. Utalihitaji jambo hilo wakati wa kuchagua mgeuzo, yaani hesabu ya kuipeleka picha kwenye koordineti. Na kama shiti imeskaniwa vipandevipande kwa skana ya A4, usiviunganishe kwanza kwenye programu ya picha. Funga kila kipande peke yake kwenye koordineti. Vikifungwa vizuri vitakutana vyenyewe.

Kuweka alama za udhibiti, yaani nukta za picha ambazo koordineti zake za ardhini unazijua, ndiyo kazi yenyewe, na hapa Georeferencer imetengenezwa vizuri. Unakuza picha mpaka pikseli zionekane kama vigae vya sakafu. Mstari wa gridi ambao kwa macho ni uzi mwembamba sasa una vigae viwili au vitatu kwa upana, kingo zake za kijivu. Unapokutana na mwenzake panatokea msalaba mdogo mweusi, na katikati ya msalaba ule ndipo pa kubofya, si kwenye kingo. Dirisha linafunguka: andika X na Y, au bonyeza "From Map Canvas" ukaoneshe mahali hapohapo kwenye ramani ya chini. Katika dirisha hilohilo unachagua mfumo wa koordineti wa namba unazoandika. Ukikosea, kuna kitufe cha kusogeza alama bila kuifuta. Vipo pia vitufe viwili vya kuunganisha madirisha, ili ukisogeza moja na jingine lifuate. Hivyo hufanya kazi vizuri zaidi baada ya kuweka alama mbili tatu.

X ni mashariki, Y ni kaskazini, na sisi tuko kusini ya ikweta. Anayeandika latitudo ya Tanga bila alama ya kutoa ataikuta Tanga kusini mwa Ethiopia. Anayebadilisha nafasi ya X na Y kwa koordineti za Bagamoyo, 38.90 na -6.43, ataiona imetua Uhispania karibu na mji wa Mérida. Makosa haya yana heri kwa sababu yanaonekana papo hapo. Kwa UTM, mfumo wa koordineti za mita unaoigawa dunia kwa kanda, kumbuka kwamba longitudo ya 39, mstari wa kati wa ukanda wa 37, inapita kati ya miji yetu hii miwili: Tanga iko mashariki yake kidogo, hivyo namba ya mashariki ni kama 511,000, Bagamoyo iko magharibi yake, ni kama 489,000. Namba ya kaskazini ni karibu 9,440,000 kwa Tanga na 9,289,000 kwa Bagamoyo. Ukichagua ukanda wa 37 kaskazini badala ya 37 kusini, namba hizo zitakupeleka kwenye barafu karibu na ncha ya dunia.

Kosa lisiloonekana papo hapo ni la datumu, yaani msingi ambao koordineti hupimwa kutoka kwake, nalo ndilo linaloharibu kazi nyingi za pwani hii. Shiti za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 zina gridi ya UTM juu ya datumu ya Arc 1960, yenye sferoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke 1880. Soma pambizo ya chini, imeandikwa. Katika QGIS mfumo huo una namba ya utambulisho EPSG:21037. Simu, GPS na picha za satelaiti zinatumia WGS 84, ambayo kwa ukanda wetu ni EPSG:32737. Namba za mifumo hii miwili zinafanana sana kwa sura: tarakimu sita mashariki, saba kaskazini, zikianza vilevile. Lakini mahali pamoja pa ardhi, namba ya kaskazini ya WGS 84 ni ndogo kwa karibu mita 300, na ya mashariki ni kubwa kwa mita 90 na ushei.

Kwa hiyo ukisoma gridi ya shiti ya Tanga ukaiandika kama WGS 84, ramani nzima inasogea mita 300 kaskazini na karibu mita 95 magharibi. Mji wa Tanga uko ukingo wa kusini wa ghuba. Mita 300 kaskazini ya majengo ya mbele ni maji ya bandari. Utaona nyumba za mji zimekaa baharini, reli imesogea kutoka kwenye tuta lake, na jedwali la makosa linasema wastani ni pikseli moja na nusu. Jedwali halisemi uongo: alama zako zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Haliwezi kujua kwamba zote kwa pamoja zimepewa datumu isiyo yake.

Dawa ni kufunga ramani kwa datumu iliyochapwa nayo, EPSG:21037, kisha kuiacha QGIS iigeuze yenyewe inapoonyesha juu ya satelaiti. Ikiuliza mgeuzo gani wa datumu utumike, chagua uliotajwa kuwa wa Tanzania. Na usichanganye: alama tano za gridi ya Arc 1960 na alama tatu zilizobofywa kwenye satelaiti, zote zikiandikwa kwa mfumo mmoja, zitaivuta ramani kama shuka linalogombewa na watu wawili.

Kuhusu mahali pa kuweka alama, gridi iliyochapwa ndiyo bora kuliko kitu chochote cha ardhini. Plani isiyo na gridi inahitaji vitu visivyohama. Bagamoyo unazo kona za Boma la Kijerumani, Ngome Kongwe, Caravan Serai na majengo ya misheni. Tanga unayo Boma la zamani, stesheni ya reli na Cliff Block pale Bombo. Kwenye satelaiti bofya mguu wa ukuta, si ukingo wa paa, kwa kuwa paa la jengo refu huonekana limeegemea upande. Kwa barabara chukua katikati ya makutano, maana barabara hupanuliwa lakini katikati yake mara nyingi hubaki. Ufukwe, mikoko, mafungu ya mchanga na mlango wa Mto Ruvu viacheni kabisa. Bahari haikai palepale kuanzia maji kujaa hadi kupwa, seuze miaka mia.

Ngamiani inataka uangalifu wa peke yake. Barabara zake za namba zimenyooka na zinafanana, na ni rahisi kuhesabu vibaya makutano ukaifunga Barabara ya 8 juu ya Barabara ya 9. Ukikosea kwa hatua ileile katika alama zote, makosa yatakuwa madogo ajabu, kwa sababu umbo la mitaa halijaharibika, limehama tu mtaa mmoja. Ndiyo maana plani ya Ngamiani isifungwe kwa makutano ya Ngamiani pekee. Toka nje ya mitaa hiyo utafute angalau alama mbili kwenye reli au upande wa mjini.

Sasa mgeuzo. Orodha ina aina saba na wengi huchagua kwa kubahatisha, hali kila moja ina kazi yake. "Linear" inahamisha na kukuza tu, haizungushi. Inafaa picha iliyonyooka kabisa. "Helmert" inahamisha, inazungusha na kukuza kwa skeli moja. Alama mbili zinaitosha, na ni nzuri kwa plani iliyochorwa kwa kompyuta. "Polynomial 1" inataka alama tatu, inaruhusu skeli ya urefu kutofautiana na ya upana, na inaruhusu kupinda kwa pembe. Hii ndiyo ya karatasi nyingi: karatasi husinyaa zaidi upande mmoja, na skana ya rola huvuta upande mmoja. "Projective" inataka alama nne na ndiyo ya picha ya simu iliyopigwa kwa kuinama. "Polynomial 2" inataka sita na "Polynomial 3" kumi. Hizi hukunja picha, na nje ya eneo la alama hukunja vibaya mno, hivyo zitumike pale tu alama zimezunguka ramani yote hadi kwenye kingo. "Thin Plate Spline" huivuta picha mpaka kila alama itue barabara pake.

Idadi ya chini isiwe lengo. Kwa shiti ya gridi weka tisa, tatu kwa tatu, kona zote zikiwemo. Kwa plani ya majengo weka kumi na mbili ikiwezekana.

Ukiweka alama za idadi ya chini tu, kosa linaonekana sifuri. Alama tatu kwa "Polynomial 1" daima zinatoa sifuri, hata ukiziweka ovyo, kwa kuwa hesabu yenye majibu sita yasiyojulikana na namba sita za kuyapata haina la kulinganisha. "Thin Plate Spline" nayo ni vivyo hivyo kwa idadi yoyote. Ukikosea kilomita nzima katika alama moja, itainyofoa ramani pale na kuipeleka huko, na jedwali litaandika sifuri. Programu ilipaswa kuweka onyo hapo. Watu wanapeleka ripoti yenye "kosa 0.00" wakidhani ni sifa.

Tazama kinachotokea kwa kosa la kawaida kabisa la kuandika: kona moja ya shiti ya 1:50,000 imeandikwa kilomita moja zaidi kaskazini. Kwa dpi 300 kilomita moja ni pikseli 236. Umeweka kona nne tu kwa "Polynomial 1". Unategemea kona mbovu ionyeshe 236 na nyingine ziwe safi. Haiwi hivyo. Kona zote nne zitaonyesha baki sawa (umbali kati ya alama ilipo na hesabu inapoipeleka), pikseli 59 kila moja, na hakuna njia ya kujua kutoka kwenye jedwali nani mkosaji. Mtu anahangaika kurekebisha kona tatu zilizokuwa sahihi.

Weka alama tisa badala ya nne, kosa lilelile. Sasa kona mbovu inaonyesha 131, jirani zake wawili wa kando 66 kila mmoja, kona ya ng'ambo 52, na zilizobaki kati ya 13 na 26. Mkosaji anajulikana, ingawa amewachafua wenzake. Toa tiki yake kwenye jedwali, na zile nane zinashuka mara moja hadi pikseli moja au mbili. Kisha rudi kwenye karatasi ukasome namba upya, uirekebishe, uirudishe tiki. Usifute alama kwa sababu tu baki yake ni kubwa. Alama mbaya ina sababu, na sababu ndiyo unayoitafuta.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na "Polynomial 1" hata kama mwishoni unakusudia "Thin Plate Spline". Kwanza iache ikuonyeshe makosa ya kuandika na kuhesabu. Zikishakuwa safi, na mabaki yanayobakia yanafuata mikunjo ya karatasi, ndipo uhamie. Na weka kando vitu vitatu unavyovijua mahali pake bila kuvifanya alama. Ramani ikishafungwa, pima kwa kipimo cha QGIS umbali kati ya vinapoonekana kwenye ramani na vinapoonekana kwenye satelaiti. Umbali huo, kwa mita, ndiyo namba ya kuandika kwenye ripoti.

Kiasi gani kinakubalika? Kwa 1:50,000 iliyofungwa kwa gridi, wastani wa pikseli mbili na nusu, yaani kama mita 10, ni sawa na unene wa mstari. Kushuka zaidi ya hapo hakuongezi chochote. Kwa plani ya 1:2,500 pikseli tano ni mita moja na kidogo. Inatosha kujua jengo liko kiwanja gani. Haitoshi kuamua mpaka wa kiwanja. Bikoni hupimwa na mpima ardhi kwa vifaa vyake, wala picha iliyofungwa isitumike kumaliza ugomvi wa jirani na jirani.

Mipangilio ya mwisho ni michache. Jina la faili linalotoka huongezewa "_modified", libadilishe liwe na mwaka na kipimo cha ramani. Ubanaji chagua LZW au DEFLATE, hazipotezi chochote. Kwa sampuli, "Nearest neighbour" inaacha maandishi na rangi kama zilivyo, ila mistari huwa na vijino, "Cubic" inalainisha. Picha ya rangi za fahirisi, zile zenye bendi moja na jedwali la rangi, ukiipitisha kwenye "Cubic" itatoka na madoa ya rangi zisizokuwepo, kwa sababu hesabu inachukua wastani wa namba za fahirisi na si wa rangi. Igeuze kuwa RGB kwanza. Kisanduku cha kufanya sifuri iwe uwazi kinaondoa pembe nyeusi za pembeni, lakini kwenye skani ya kijivu kinaweza kutoboa pia herufi za wino mweusi. Jaribu, angalia, ukiona matundu kiache.

Hifadhi alama zenyewe. Faili ya ".points" ni maandishi ya kawaida yanayofunguka hata kwa Notepad: koordineti za ramani, koordineti za picha, kama alama inatumika, na baki yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na picha iliyofungwa bila faili hii haiwezi kukaguliwa na mtu mwingine. Hiki ni kitu ambacho QGIS imekifanya vizuri kuliko zana nyingi za bure. Kuvuta picha kwa mikono kwenye Google Earth Pro hakuachi kumbukumbu yoyote wala jedwali la makosa. Kunafaa kuangalia tu.

Kasoro nyingine ndogo zipo. Huoni picha ikikaa mahali pake unapoongeza alama, kama ArcGIS Pro inavyofanya. Lazima ubonyeze kitufe cha kijani, usubiri, ukaangalie, urudi. Kwa shiti kubwa kusubiri huko kunachosha. Na faili ya kusakinisha QGIS kwenye Windows inazidi GB 1, hivyo wenye bando dogo waipakue mara moja na kuigawana kwa flashi.

Kazi moja isipewe Georeferencer kabisa: picha za anga za milimani. Kwenye tambarare ya Tanga mjini au Bagamoyo picha ya ndege inakubali kufungwa kwa alama. Kutoka Muheza kupanda Amani haikubali. Chukua picha ya 1:40,000 iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 152. Ndege ilikuwa kama mita 6,100 juu ya ardhi. Kilima kilichoinuka mita 600, kikiwa milimita 80 kutoka katikati ya picha, kimesukumwa nje karibu milimita 8, ambazo ni zaidi ya mita 300 za ardhi. Bonde lililo kando yake halikusukumwa kiasi hicho. Polinomia haijui mwinuko, na kuongeza alama hamsini hakutaifundisha. Picha hizo zinahitaji programu inayotumia modeli ya mwinuko pamoja na vipimo vya kamera.